Mshale wa spidi unasoma 80, simu inasoma 76: nifunge matairi makubwa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nikiwa barabara ya Morogoro, mshale wa spidi ukitulia kwenye 80, GPS ya simu inasoma 76. Gari linatumia matairi 175/65R14. Rafiki kanishauri nifunge 185/70R14 ili mshale useme kweli. Nifanye hivyo? Na kilomita nazo zinazidishwa?

JIBU: Ndugu yangu, usibadilishe matairi kwa sababu hiyo. Mshale wako ni mzima. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya na kwingineko, inakataza kabisa mshale kusoma chini ya mwendo halisi, ila inauruhusu kusoma juu: asilimia 10, ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Gari likikimbia 80 kamili, mshale unaweza kusoma hadi 92 na ukawa halali. Kwa hiyo viwanda huuongeza makusudi.

Sasa tazama matairi. Gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi lako likizunguka mara moja linakula mita 1.83 hivi. Hilo la rafiki yako linakula 1.93. Ni sentimita 10 kila mzunguko, zaidi kidogo ya asilimia 5. Ukilifunga, mshale ukisoma 80 utakuwa kwenye 80 kweli. Inavutia, lakini ile akiba iliyokuwa inakulinda na tochi za trafiki, na hasa inayowalinda watoto wanaovuka barabara vijijini, umeshaila.

Kilomita ni habari nyingine. Nyongeza ile kwa kawaida iko kwenye mshale tu, kilomita haziongezwi. Kwa hiyo matairi makubwa ndiyo yatakayoziharibu: dashibodi ikisema umetembea 5,000, umetembea kama 5,270. Oili utachelewa kuimwaga, na ukipiga hesabu ya mafuta utadhani gari limeanza kunywa, ukimbilie kubadilisha plagi zisizo na kosa.

Ukitaka kuhakikisha, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri ukiwa kwenye nguzo ya kilomita, kisha hesabu nguzo 20 na ulinganishe. GPS isome kwenye barabara iliyonyooka, mwendo ukiwa hauongezeki wala kupungua, maana simu huchelewa kufuata mabadiliko.

Matairi yakifika kipara, nunua saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.