Kabla jopo la moyo halijakaa, semeni yasiyo kwenye faili

Mdogo wangu alilalia mito mitatu kwa karibu miezi minne kabla hatujajua kuna tatizo. Chumba chetu cha Tandika tumekigawa kwa pazia, na mimi nikimsikia usiku anajigeuzageuza nilidhani yuko kwenye simu. Kumbe akilala chali pumzi inakata. Siku alipokaa chini katikati ya ngazi pale Kariakoo anakouza vitenge, akashindwa kuinuka, ndipo tulipokimbilia hospitali. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha valvu, kijilango cha damu kilicho kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, imesinyaa. Alikuwa na miaka 26.

Chanzo ni mafindofindo ya utotoni. Yale ambayo Mama alikuwa akitusukutulisha maji ya chumvi, koo likipoa basi yamekwisha. Yasipotibiwa sawasawa, kinga ya mwili iliyoamka kupigana na vijidudu vya koo inaweza kugeukia valvu za moyo, na athari yake ikajitokeza miaka mingi baadaye.

Hospitali ya kwanza daktari mmoja alitazama majibu akasema valvu itolewe, iwekwe ya chuma, tutafute fedha. Dakika kumi tukawa nje. Huenda kwa picha aliyoiona hakukosea. Lakini hakumuuliza mdogo wangu swali hata moja kuhusu maisha yake, na sisi hatukufungua mdomo. Jioni ile Mama alianza kuulizia mteja wa kiwanja cha Chamazi.

Tulipopata rufaa tukaambiwa suala lake litapelekwa kwenye jopo. Mama alilia. Kwake neno jopo lilikuwa na maana kwamba ugonjwa umewashinda madaktari. Kama nawe umeambiwa hivyo wiki hii, naomba utulie kwanza, maana ni habari njema. Jopo la moyo ni kikao ambacho daktari wa moyo anayetibu kwa dawa na kwa kupitisha waya kwenye mishipa anakaa na daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, wanaosoma picha za moyo, na wengine kadiri ya mgonjwa, halafu wanabishana juu ya faili moja mpaka wakubaliane. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wa kisu huona kisu, wa waya huona waya. Wakikaa meza moja, kila mmoja analazimika kumweleza mwenzake kwa nini. Utafiti mkubwa wa mishipa ya moyo iliyoziba uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 1,800, ulimtaka kila mgonjwa aangaliwe kwanza na daktari wa upasuaji pamoja na wa waya, na mwaka uliofuata miongozo ya Ulaya ikapendekeza utaratibu huo rasmi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wale madaktari ni mahodari, lakini wanaamua kwa kile walichonacho mezani, na sisi tulikuwa tumewaficha kitu kikubwa.

Barua ya posa ilikuwa imeshafika nyumbani. Shangazi alituonya tusiitaje hospitali, habari zisije zikawafikia wakweze kwamba binti ana moyo mbovu. Siku tatu kabla ya kikao, nesi anayeandaa mafaili alimwita mdogo wangu, akavuta kiti karibu naye, akauliza polepole, "Mdogo wangu, una mpango wa kuzaa?" Mdogo wangu akamtazama Mama. Mama akawa anakunjakunja ncha ya khanga. Kimya kile kilikuwa kirefu. Kisha akasema, "Ndiyo sista. Nina mchumba." Nesi akaandika kwa peni ya bluu pembeni ya karatasi ya kwanza, akapigia mstari mara mbili.

Mstari ule ulibadilisha mjadala wote. Valvu ya chuma inadumu miaka mingi, ndiyo maana kijana hupewa hiyo. Lakini aliyewekewa hunywa warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye chuma, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Akiiacha, valvu inaweza kuziba, akapoteza uhai yeye. Ipo valvu ya tishu ya ng'ombe au ya nguruwe (mwenye neno la kidini juu ya hili aseme mapema), ambayo kwa kawaida haihitaji warfarini milele, ila kwa kijana huchakaa haraka na kifua kitafunguliwa tena.

Jopo likarudi kuitazama upya valvu yenyewe. Wanaipa alama kwa mambo manne: inavyocheza, ilivyonenepa, ilivyojaa chokaa, na kamba zinazoishikilia zilivyokakamaa. Kila jambo ni alama 1 hadi 4, na jumla ikiwa 8 au chini yake, kuitanua kwa puto kunatarajiwa kufanya vizuri. Yake ilikuwa 7. Wakapitisha kipimo kingine kwa njia ya koo kuhakikisha hakuna damu iliyoganda ndani ya moyo wala valvu haivuji sana. Wakaamua puto, kupitia mshipa wa paja. Kiwanja cha Chamazi kipo mpaka leo.

Basi, ukimpeleka ndugu yako, toa yote. Kama anaruka dozi kwa sababu hela haitoshi, sema. Kama kuna dawa ya mitishamba kwenye chupa chini ya kitanda, sema. Sema anaishi wapi. Tulikaa benchi moja na mzee wa kisiwa cha Mafia, na mwanawe ndiye aliyeuliza kipimo cha damu cha kufuatilia warfarini baba yake atakuwa anakipata wapi bahari ikichafuka. Swali lile lilistahili kufika kwenye jopo kuliko matokeo mengi ya maabara. Ana sukari na mishipa kadhaa imeziba? Isisitizeni, kwa sababu utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha wagonjwa wa namna hiyo kwa miaka ya mbele hufanya vizuri zaidi kwa upasuaji kuliko kwa vyuma vya kutanua mishipa, ingawa hatari ya kiharusi ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopasuliwa.

Kikao kikiisha, mwombe daktari akueleze njia ya pili ilikuwa ipi na ilikataliwa kwa nini. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, na hata ya kukataa. Lakini shambulio la moyo la ghafla halisubiri jopo. Hapo mshipa unatakiwa kufunguliwa upesi, msianze kudai kikao.

Mdogo wangu ameambiwa wazi kwamba valvu inaweza kusinyaa tena na siku moja upasuaji ukarudi mezani. Kila baada ya wiki nne anachomwa penisilini kwenye zahanati ya mtaani, na hatashika mimba kabla eko haijarudiwa. Mchumba wake alikuja kliniki ya mwezi uliopita na daftari la maswali. Daktari aliyajibu yote, la mwisho wakiwa tayari wamesimama mlangoni.