Maswali ya Wasomaji: Namba za Mashine Zifikeje kwa Mhasibu?

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha unga wa mahindi mkoani Iringa. Mashine yetu ya kufungasha inatoa takriban pakiti 60 za kilo moja kwa dakika, ina PLC (kompyuta ndogo inayoiendesha mashine), na kwenye kioo chake tunasoma idadi ya pakiti zilizotoka. Kila mwisho wa zamu tunaandika idadi hiyo kwenye daftari, karani anaiingiza kwenye Excel, kisha mhasibu anaihamishia kwenye mfumo wa stoo. Mwisho wa mwezi namba hazilingani, na kila mtu anamtazama mwenzake. Mtaalamu mmoja ametutajia fedha nyingi ili atuandikie programu maalumu ya kuunganisha mashine na kanzidata. Je, hakuna njia ya kufanya hivyo bila kuandikiwa programu?

Jibu: Njia ipo, ndugu msomaji, wala si ngeni. PLC nyingi zimetengenezwa ziweze kuulizwa na kompyuta. Modbus, ambayo ni mojawapo ya lugha zinazozungumzwa na vifaa vingi zaidi viwandani hadi leo, ilitolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979, na utaratibu wake ni wa maswali na majibu tu: kompyuta inauliza rejista fulani, yaani kijisehemu cha kumbukumbu ya PLC kinachotunza namba, ina namba gani, PLC inaitaja namba hiyo, basi. Kwa kuwa maswali hayo hayabadiliki kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, programu za kuyauliza zimekwisha kuandikwa zamani, na kazi inayobaki kwenu inafanana zaidi na kujaza fomu: anwani ya kifaa, rejista ipi isomwe, kila baada ya sekunde ngapi, na jibu liingie kwenye jedwali lipi la kanzidata.

Kwa mashine moja ningeanza na programu ya Node-RED, iliyozaliwa IBM mwaka 2013 na inayopatikana bure. Unaweka kisanduku cha Modbus kwenye skrini, unaweka kisanduku cha kanzidata, unaviunganisha kwa mstari. Sitakudanganya kwamba hutaandika hata herufi moja, kwa sababu amri ya SQL (lugha ya kuiagiza kanzidata) ya kuingiza rekodi mpya huenda ukahitaji kuiandika mwenyewe, lakini huo ni mstari mmoja na unanakilika. Zipo programu za kulipia, kama Ignition na Kepware, ambazo hata mstari huo zinakuondolea na zinaelewana na PLC za watengenezaji wengi. Mkiwa na mashine kumi za aina mbalimbali, gharama yake itakuwa na maana. Kwa mashine moja, hapana.

Sasa nikueleze jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Kuandika programu si sehemu ngumu ya kazi hii. Sehemu ngumu ni kujua kila namba inayotoka kwenye mashine ina maana gani, na hilo hakuna programu, iwe ya kununua au ya kuandikiwa, itakayokufanyia. Kabla hamjalipa hata shilingi, mtafuteni aliyewafungia mashine awape orodha ya rejista. Bila orodha hiyo mtakuwa mnapapasa gizani, na hata mkiwa nayo kuna mitego. Mwongozo unaweza kuandika 40001, kumbe programu inataka uandike 0, na ukikosea kwa moja utasoma namba ya jirani ambayo nayo inaonekana ya kweli kabisa.

Chukua mfano wa unyevu wa mahindi. Tuseme kipimo chenu kinaonyesha asilimia 13.5. Rejista moja ya Modbus hubeba namba kamili tu, kuanzia 0 hadi 65,535, hivyo namba yenye nukta mara nyingi hugawanywa katika rejista mbili, na ukizisoma moja moja utaona 16728 na 0. Fundi asiyejua atasema kipimo kimeharibika. Kipimo ni kizima. Unatakiwa kuiambia programu kwamba rejista hizo mbili ni desimali moja, kisha uchague ipi itangulie. Ukizigeuza kimakosa, unyevu utasomeka karibu na sifuri, na hapo angalau utashtuka.

Kihesabu cha pakiti ni hatari zaidi kwa sababu hakishtui. Ikiwa kimewekwa kwenye rejista moja na mnakirudisha sifuri saa 1 asubuhi, basi kwa kasi ya pakiti 60 kwa dakika bila kusimama kitafika 65,535 mnamo saa 7 na dakika 12 usiku, na pakiti inayofuata itakirudisha sifuri chenyewe. Saa 1 jioni kilisoma 43,200. Saa 1 asubuhi kitasoma 20,864. Anayetoa hesabu ya jioni kwenye hesabu ya asubuhi ataambiwa kwamba zamu ya usiku imefungasha pakiti 22,336 pungufu ya sifuri. Ndiyo maana nawashauri mhifadhi usomaji ghafi kila dakika, kama ulivyotoka kwenye mashine, na hesabu za zamu zifanyike baadaye ndani ya kanzidata. Mkihifadhi jumla peke yake na jumla hiyo ikawa na kosa, hamtakuwa na pa kurudi.

Halafu kuna suala la saa, ambalo ndilo ninalolishuku zaidi katika tofauti zenu za mwisho wa mwezi. Saa 2 ya daftari ni saa 8 ya kompyuta, na hilo pekee limeshawagombanisha watu. Zaidi ya hapo, zamu ya usiku inayoanza tarehe 31 inamalizika tarehe 1. Daftari huenda linaiandika yote tarehe 31, ilhali mfumo wa mhasibu unaangalia karani alibonyeza kitufe siku gani. Kaeni na mhasibu mkubaliane zamu ni ya tarehe iliyoanzia, muiandike kanuni hiyo, kisha muda wote utolewe na kompyuta moja, si na PLC, ambayo saa yake pengine haijarekebishwa tangu ilipofungwa.

Namba hizo zisiingie moja kwa moja kwenye majedwali ya mfumo wa stoo. Tengenezeni jedwali la mapokezi pembeni, na mfumo wa mhasibu uchukue kutoka hapo kwa njia yake wenyewe ya kuingiza data, ili siku mashine ikituma upuuzi, vitabu visichafuke. Kompyuta inayosoma iwekeeni betri ya akiba, na iweze kutunza usomaji wakati seva ya ofisi imezima na kuutuma itakapowaka. Umeme wetu mnaujua. Kompyuta hiyo isome tu, isiruhusiwe kuandika chochote kwenye PLC. Modbus ya kawaida haina nenosiri, kwa hiyo yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuisemesha mashine, na mtandao wa mashine kuunganishwa na Wi-Fi ya wageni ni jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Swali: Nasi tuna mashine ya zamani ya kushona magunia, haina PLC wala kioo. Je, tuiache kwenye daftari? — Msomaji, Songea

Jibu: Msiiache. Kuna vifaa vidogo vya kupokea ishara za umeme na kuzihesabu, ambavyo huzungumza Modbus kwa nyaya mbili za RS-485 (aina ya waya za mawasiliano za viwandani) zinazoweza kufika hadi mita 1,200, hivyo kompyuta si lazima ikae kwenye vumbi. Fundi umeme wenu atafunga sensa ya mwanga kando ya mkanda, kila gunia likipita likate mwanga, na kuanzia hapo safari ya namba ni ileile niliyomweleza msomaji wa Iringa.

Fikirini tu mahali pa kuifunga. Ikiwa magunia yanapita yakiwa yamegusana, mawili yatahesabiwa kuwa moja. Mkihesabu mizunguko ya mashine ya kushona badala ya magunia, mtahesabu pia kila mara mshonaji anapoijaribu sindano bila gunia. Mimi ningeifunga pale gunia linapoangukia kwenye mizani, kwa kuwa hapo hupita moja moja, kisha kwa wiki mbili ningemwacha karani aendelee kuandika daftari lake kama kawaida bila kumwonyesha kompyuta inasema nini.