Kano, mshipa au ligamenti? Na unene ni wa nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasomea tiba ya viungo, na nimepewa kazi ya kuwaeleza wagonjwa vipimo vya ligamenti ya mbele ya goti (ile iliyo ndani ya goti, ACL) kabla ya upasuaji. Niliandika hivi: "Mshipa wako una urefu wa milimita 32 na unene wa milimita 10. Mshipa mpya utakuwa na unene wa milimita 8." Mwenzangu kalikosoa neno mshipa lakini hakuniambia niweke lipi. Naomba msaada.

Jibu: Marahaba. Mwenzako kasema kweli, ila neno lililonitia wasiwasi zaidi ni lile ambalo hakuligusa: unene.

Kwanza mshipa. Neno hili limebebeshwa mengi mno. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na wapo wanaoiita hata ngiri mshipa. Mgonjwa akiambiwa mshipa wake umekatika, atawaza damu. Kinachofunga mfupa kwa mfupa ni kano. Sema kano hii imechanika, kano hizi zimechanika. Anayesema ukano huu umechanika naye hajakosea, mradi asichanganye yote mawili katika ukurasa mmoja. Ligamenti iache kwenye ripoti ya daktari kwa daktari mwenzake.

Utaniuliza: mbona hata kinachounganisha msuli na mfupa tunakiita kano? Ni kweli, na pale inapobidi ongeza neno: kano ya msuli. Hata madaktari wenyewe mpaka huo huwasumbua. Ukanda unaotoka kwenye pia ya goti kwenda kwenye muundi umeshika mfupa kwa mfupa, lakini wengi wao huuita kwa jina la kano ya msuli kwa kuwa ni mwendelezo wa msuli wa paja. Basi usidhani upungufu ni wa Kiswahili peke yake.

Sasa unene. Tunasema unene wa ubao, yaani kutoka uso wa juu hadi wa chini. Tunasema pia unene wa kamba, na hapo tunamaanisha mzingo wake mzima. Masikio yetu yamezoea matumizi yote mawili, lakini kwenye vipimo yanapotosha. Kano ya mbele ya goti ni bapa, mfano wa utepe. Zile milimita 10 ni upana wake. Unene wake ni milimita chache tu. Kinachopandikizwa, kikitoka kwenye kano za misuli ya nyuma ya paja, hukunjwa mara kadhaa kikawa mviringo kama kamba. Daktari hukipitisha kwenye matundu ya kibao cha kupimia, moja baada ya jingine, mpaka apate linalokibana sawasawa. Hicho ni kipenyo, na ndicho kinachoamua tundu litakalotobolewa kwenye mfupa liwe kubwa kiasi gani. Kikiwa chini ya milimita 8 madaktari huingiwa na shaka, maana pandikizi jembamba huchanika tena kwa urahisi zaidi.

Umeona madhara ya sentensi yako? Mgonjwa atasoma 10, kisha 8, aamini anapewa kitu hafifu kuliko alichokuwa nacho. Umemlinganishia upana wa utepe na kipenyo cha kamba, vyote kwa jina moja.

Mimi ningeandika: "Kano ya mbele ya goti lako ina urefu wa milimita 32, na upana wake katikati ni milimita 10. Pandikizi litakuwa na kipenyo cha milimita 8." Nimeliondoa neno mpya kwa sababu mara nyingi pandikizi hukatwa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, na ni haki yake kulijua hilo. Katikati nimeliongeza kwa makusudi: kano hii ni nyembamba katikati yake, kisha hutanuka sana pale inaposhika mfupa, kwa hiyo upana usiotajiwa mahali haumwambii mtu kitu.