Fundi rangi wa nyumba ya zamani Pangani

Ndugu uliyeuliza namna ya kumpata fundi rangi wa nyumba ya urithi hapo Pangani, usianze na bei. Anza kwa kumuuliza ataufanyia nini ukuta kabla ya kufungua kopo la rangi. Nyumba nyingi za zamani za mji huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu, hivyo fundi atakayekushauri upake rangi ya mafuta ili nyumba ing'ae anaufungia unyevu huo ndani, na baada ya masika utaona malengelenge, kisha magamba yanayobanduka pamoja na lipu yenyewe. Mimi husugua ukuta kwa kiganja: kikitoka na unga mweupe, mara nyingi hiyo ni chokaa, na rangi inayoufaa ukuta huo ni chokaa vilevile, ipakwe nyepesi, mikono (yaani matabaka) mitatu au minne, juu ya ukuta ulioloweshwa kwanza. Kwenye milango na madirisha (hapo ndipo mafundi wengi huharakisha) mkataze kupiga msasa mkavu, kwa kuwa rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Aloweshe mbao kwanza, na watoto wakae mbali. Vifaa nunua mwenyewe, ufundi umlipe kwa awamu, na fungu la mwisho ulishikilie mpaka ukuta ukauke.