Kabla hujanunua keji za kuku wa mayai

Wafugaji wapya hapa Mafinga huniuliza kama wanunue keji, yaani vizimba vya waya, au wafugie chini. Mimi nafugia chini, na ushauri wangu huanza na kuku mwenyewe kabla ya kufika kwenye hesabu ya trei za mayai.

Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell nchini Uingereza ilipendekeza kwamba mfugo apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Keji za kawaida hushindwa kipimo hicho. Umoja wa Ulaya, ulipokuwa bado unaziruhusu, ulitaka kila kuku apewe sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi ya A4, na kuanzia mwaka 2012 ukazipiga marufuku. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa wauza keji sijawahi kuwasikia wakiitaja.

Sikatai kwamba keji huacha mayai yakiwa safi na hubeba kuku wengi mahali padogo. Lakini ardhi ya Mufindi haijabana kama ya Dar es Salaam, na viwanda vya mbao vinavyotegemea msitu wa Sao Hill vinatupatia maranda tele. Tandaza maranda makavu, weka vichanja vya kulalia, na utenge kiota kimoja kwa kuku wanne au watano. Mtihani ni Juni na Julai, ambapo baridi humshawishi mfugaji kuziba madirisha yote, unyevu ukabaki ndani, amonia, gesi ya kinyesi, ikawasha macho na ugonjwa wa koksidia ukapata makao. Shusha mapazia upande wa upepo tu, acha uwazi chini ya paa, na ugeuze maranda kabla hayajagandamana. (Ukiona unatamani kutoka bandani haraka, kumbuka kuku hana mlango.)

Hata hivyo, dhamiri ya mfugaji mmoja haitoshi, kwa maana anayewabana kuku wake anaweza kuuza trei kwa bei nisiyoiweza. Napendekeza halmashauri zianzie kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: kikundi kinachoomba fedha za kuku kiwasilishe mchoro wa banda unaoonyesha nafasi, viota na vichanja, na afisa mifugo wa kata aukague kabla fedha hazijatoka. Ni rahisi zaidi kurekebisha mchoro kuliko kumwambia mtu mwenye deni aondoe keji alizokwisha kuzinunua.