Ushauri kwa Wanaoanza Kuwinda Bata Mzinga: Asubuhi Ambazo Dume Hawiki

Katika jimbo la Kentucky, ambako Wakongo, Warundi na Watanzania wengi wamehamia, hasa katika miji ya Louisville na Lexington, msimu wa machipuko wa kuwinda bata mzinga wa porini hufunguliwa katikati ya Aprili na kuendelea kwa siku 23. Mwindaji mpya huingia msimuni akiwa amekwisha kusimuliwa kisa kimoja tu: kwamba dume huwika alfajiri akiwa bado juu ya mti alikolala, mwindaji akaiga mlio wa jike, na dume akashuka akaja akitamba hadi mbele ya mtutu. Kisa hicho ni cha kweli, lakini asubuhi za namna hiyo ni chache. Nyingi ni zile ambazo dume huwika mara mbili akiwa mtini, akatua chini, kisha asisikike tena, na nyingine hasikiki kabisa tangu mwanzo. Ushauri huu ni kwa ajili ya asubuhi hizo, kwa sababu aliyefundishwa kufuata sauti peke yake hurudi nyumbani saa tatu akiamini kwamba msitu hauna ndege.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini dume hunyamaza. Kwa maumbile ya ndege hawa, dume huwika ili majike wamfuate yeye, na mwindaji anayeiga jike anamtaka dume afanye kinyume cha desturi yake. Dume aliyekwisha kuzungukwa na majike watatu au wanne hana haja ya kuwika, wala ya kumfuata jike asiyemwona. Majike hutaga mayai 10 hadi 12, takribani yai moja kwa siku, kisha huatamia kwa siku 28 hivi. Katika kipindi cha kutaga, jike huwa pamoja na dume mapema asubuhi, halafu huchomoka kimyakimya kwenda kwenye kiota chake kilichofichwa ardhini, na dume hubaki peke yake. Madume wadogo, pamoja na wale walioshindwa katika mapigano, hunyamaza kwa kumwogopa dume mkuu wa eneo, ingawa nao hawajaacha kutafuta majike. Kuna pia upepo, mvua ya baridi, kayote (mbwa mwitu wadogo wa Amerika) wanaozunguka, na wawindaji waliotangulia kupita hapo wakipuliza kila aina ya mlio. Sababu zote hizo humfunga ndege mdomo, lakini hazimwondoi msituni.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza ninalowasisitizia wageni ni saa. Alfajiri ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, majike wengi wakiwa wamekwenda kutaga, dume aliyewapuuza wawindaji wote wa alfajiri huanza kuzunguka akiwatafuta, na wakati huo wawindaji wengi wamekwisha kuondoka. Kadiri msimu unavyosogea kuelekea Mei na majike wengi zaidi wakiwa wameanza kuatamia, ndivyo saa hizi zinavyozidi kuwa na faida. Hata hivyo, soma kanuni za jimbo lako kabla ya kupanga siku nzima: Kentucky huruhusu kuwinda hadi jioni, lakini Pennsylvania, kwa mfano, katika sehemu ya kwanza ya msimu wa machipuko uwindaji hukoma saa sita mchana.

Jambo la pili ni mahali, na hapa macho hufanya kazi ya masikio. Kinyesi cha dume huwa kirefu chenye ncha iliyopinda, ilhali cha jike hujiviringisha kama donge. Manyoya ya kifua cha dume yana ncha nyeusi, na ya jike yana ncha za rangi ya kahawia hafifu. Tafuta majani makavu yaliyoparuliwa chini ya mialoni, mashimo ya vumbi wanamooga, na hasa mistari miwili sambamba iliyochorwa kwenye vumbi au tope la njia ya zamani ya magari, pande zote mbili za nyayo, kwa kuwa hiyo huachwa na ncha za mabawa dume anapotamba akiwa ameyashusha. Ukiona mistari mipya ya namna hiyo, una sababu nzuri zaidi ya kukaa hapo kuliko mlio uliousikia alfajiri mlima wa pili.

Wale waliowahi kuwinda kanga au kwale nyumbani hupata shida ya pekee katika kukaa. Wamezoea kutembea hadi ndege waruke. Bata mzinga huona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, hutambua rangi, na mguu mmoja ukisogea akiwa umbali wa mita 60 humtosha kuondoka bila wewe kujua kwamba alikuwapo. Kwa hiyo chagua mti mpana kuliko mabega yako, uegemeze mgongo, futa majani makavu unapoketi ili miguu isipige kelele, ziba uso na viganja kwa kitambaa cha mabaka, na weka bunduki juu ya goti ikiwa tayari imeelekea upande unaoutarajia. Mto wa kukalia si anasa hata kidogo. Asiyekuwa nao huanza kujigeuzageuza baada ya dakika 20, na siku za ukimya zinadai saa moja na nusu au mbili mahali pamoja.

Kuhusu kuita, kosa la kawaida la wageni ni kuongeza sauti kadiri ukimya unavyozidi. Fanya kinyume. Kwa chombo cha kuitia, kiwe kibao cha jiwe na kijiti chake au kisanduku cha mbao, toa milio michache laini ya jike anayekula kwa utulivu, kisha nyamaza kwa dakika 15 au 20 kabla ya kurudia. Katikati ya vipindi hivyo, paruza majani makavu kwa mkono, hatua mbili na kituo, maana ndivyo bata mzinga anavyochakura, na kwa maoni yangu sauti hiyo humshawishi dume mwoga kuliko chombo chochote cha dukani. Mlio wa bundi kabla ya mapambazuko, au wa kunguru baadaye, unaweza kumshtua dume akawika bila kukusudia na hivyo kukuonyesha alipo; lakini akikataa kujibu mara mbili tatu, achana nao.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa ndege huyu mshindo wenyewe ni mdogo sana, na ndio unaopaswa kuusubiri. Dume anapotamba hutoa sauti fupi ya kutema ikifuatiwa na mngurumo wa chini, kama lori linalopanda kilima mbali sana, ambao pengine utauhisi kifuani kabla ya kuutambua masikioni. Ukiusikia, mara nyingi dume yuko karibu, ndani ya mita 100, na huo si wakati wa kugusa kibao cha kuitia. Sikiliza pia hatua zake juu ya majani makavu, ambazo hufanana mno na za binadamu, na usidharau kunguru wanaomzomea kitu wasichokipenda. Jichukulie kwamba kila ulipoita, dume mmoja ameanza kutembea kuelekea kwako bila kujibu, kisha ukae kwa mujibu wa dhana hiyo. Wengi humwona dume kwa mara ya kwanza anapokimbia, kwa kuwa walisimama kunyoosha miguu dakika chache kabla ya kufika kwake.

Hali ya hewa hubadilisha mahali kuliko inavyobadilisha mbinu. Mvua inaponyesha, ndege hawa hutoka msituni na kusimama kwenye mashamba na malisho yaliyo wazi, ambako wanaweza kuwaona maadui hata kama kelele ya mvua inawazuia kuwasikia. Upepo mkali huwasukuma kwenye mabonde na upande wa mlima uliokingwa.

Bunduki ya marisau ijaribiwe kwenye karatasi kabla ya msimu, ili ujue marisau yanatawanyika vipi kwa umbali wa mita 20, 30 na 35. Kwa mwanafunzi, mita 35 ndizo ziwe mpaka, na shabaha iwe kichwa na shingo peke yake. Kabla ya kufyatua, hakikisha umeziona ndevu, yaani shungi la manyoya membamba kama nywele linaloning'inia kifuani, kwa sababu ndege anayeruhusiwa katika machipuko ni mwenye ndevu.

Usalama una uzito wa pekee siku za ukimya, kwani msitu unaodhani una wewe tu huenda una mwindaji mwingine aliyenyamaza vilevile. Usivae wala kubeba chochote chekundu, cheupe au cha buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Usinyatie mlio wowote wa bata mzinga. Ukimwona mtu anakuja, usimpungie mkono. Sema kwa sauti kubwa ya kawaida. Katika ardhi ya umma, kama Msitu wa Taifa wa Daniel Boone, mimi huwashauri wageni waache nyumbani sanamu za dume zinazotumiwa kuwavuta ndege.

Upande wa sheria, Kentucky humtaka mwindaji awe na leseni ya kuwinda pamoja na kibali cha bata mzinga, na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji. Mwenye viza ya muda, mfano ya masomo, aelewe kwamba sheria ya shirikisho humkataza kuwa na bunduki isipokuwa anapoingia katika misamaha yake, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Aulize kabla ya kugusa silaha ya rafiki. Ndege aliyepatikana huripotiwa kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo. Katika ardhi ya mtu binafsi, omba ruhusa wiki kadhaa kabla.

Dume akipita mbali bila kuja, usimfuate wala usimwite kwa nguvu akiwa anaondoka. Andika saa aliyopita, alikotoka na alikoelekea, na kama alikuwa na majike. Madume wasiowika hushika ratiba kwa namna ya kushangaza, hasa wasipobughudhiwa, na ukiketi kesho yake mita 50 mbele kwenye njia ileile, saa moja kabla ya wakati huo, hutahitaji kuita zaidi ya mara moja.