Maswali na majibu: Kwa nini maoni yaandikwe kwa lugha rasmi?

Swali: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba. Nilikuletea maoni kuhusu mfereji ulioziba kando ya shule yetu, ukanirudishia karatasi ikiwa na alama nyingi, ukisema lugha yake haifai kwa ukurasa wa maoni. Niliandika kama tunavyosema sote hapa Lubumbashi, na kila jirani aliyesoma alielewa. Urasmi wa lugha una kazi gani ikiwa ukweli umekwisha kusemwa?

Jibu: Bwana mwalimu, nashukuru kwamba umeuliza badala ya kukasirika na kunyamaza. Kwanza nikuondolee shaka moja: sikurudisha karatasi yako kwa kukidharau Kiswahili cha hapa kwetu. Ndicho nilichokulia, na Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inapotaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, haisemi kwamba ni Kiswahili cha mahali fulani tu. Pale ulipoyanukuu maneno ya mama anayeuza makaa karibu na shule, «Mayi inaingia mu nyumba kila mwaka, na bantu bote banaona», sikugusa hata herufi moja, kwa sababu hayo ni maneno ya shahidi, na maneno ya shahidi huachwa kama alivyoyatamka. Nilichokigusa ni maneno yako wewe mwenye hoja.

Tuitazame sentensi uliyoanza nayo: «Bale ba ku komini banakula franga yetu yote», yaani wale wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, wanakula fedha zetu zote. Jirani yako anaielewa kwa sababu anaujua mkasa tangu mwanzo, anakuona usoni, na akipotea anaweza kukukatiza akauliza. Msomaji wa Ruashi au wa Likasi hana msaada huo. Hao «bale» ni akina nani: ni mkuu wa komini, ni watoza kodi wa sokoni, au ni wafanyakazi waliotumwa kuzibua mfereji? Fedha zenyewe ni kodi, au ni mchango uliotolewa na wazazi? Je, ulimwona mtu akizichukua, uliambiwa, au unakisia kwa kuwa mfereji bado umeziba? Mtu anayeandika kwa lugha ya uangalifu hulazimika kuchagua kati ya «niliona», «nimeambiwa na wazazi watatu» na «nadhani», na katika kuchagua huko mara nyingi hugundua mwenyewe ni sehemu gani ya hoja yake imesimama na ni ipi inayoyumba.

Sarufi nayo inafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Katika aya yako ya pili umeandika «mufereji ya barabara yenye balitengeneza mwaka jana». Nimeisoma mara tatu bila kujua ni kitu gani kilichotengenezwa. Kiswahili sanifu kinalimaliza swali hilo kwa silabi chache: «mfereji wa barabara uliotengenezwa mwaka jana» ni jambo moja, na «mfereji wa barabara iliyotengenezwa mwaka jana» ni jambo jingine kabisa. Ikiwa ni mfereji uliotengenezwa, basi yuko mjenzi anayepaswa kuulizwa kwa nini umeziba baada ya msimu mmoja wa mvua. Ikiwa ni barabara iliyotengenezwa, huenda mfereji ulisahauliwa, na wa kuulizwa ni aliyepanga kazi. Shutuma nzima inategemea «ulio» na «iliyo», ndiyo maana nakataa kuuita upatanisho wa ngeli pambo la shuleni. Wewe unayeufundisha unalijua hilo kuliko mimi.

Sheria nayo ipo, ingawa sipendi kuwatisha waandishi kwayo. Kifungu cha 23 cha Katiba kinakupa uhuru wa kutoa maoni, mradi uheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu, kwa upande wake, kinamwadhibu anayemtuhumu mtu hadharani, kwa nia mbaya, kwa jambo mahususi linaloweza kumvunjia heshima. Kuandika kwamba kazi haijafanyika, ukitaja siku ulizokwenda kuitazama, ni kueleza ulichokiona. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kumpa nafasi ya kukushitaki wewe, na mfereji ukabaki ulivyo.

Niliwahi kuupitisha ukali wa namna hiyo, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii. Maoni yalihusu shimo katikati ya njia ya wanafunzi, na mwandishi alikuwa amemtukana afisa mmoja katika mstari wa mwisho. Afisa alijibu kwa ukurasa mzima juu ya heshima yake iliyochafuliwa, na shimo halikutajwa hata mara moja. Alikuwa na haki ya kujibu, na sisi ndio tuliompa kitu cha kujibu kilicho rahisi kuliko shimo. Tangu siku hiyo, neno la matusi ninalifuta hata pale ninapokubaliana na hasira iliyolizaa.

Usielewe, hata hivyo, kwamba nataka maneno mazito yanayohitaji kamusi, wala Kifaransa kilichochomekwa ili mwandishi aonekane msomi. Maandishi ya aina hiyo nayarudisha pia, tena kwa haraka zaidi. «Maji machafu yanaingia darasani» ni sentensi rasmi kabisa, na mtoto wa darasa la tatu anaielewa.

Kuna faida nyingine ambayo huenda hukuifikiria. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Maoni yaliyoandikwa kwa utaratibu, yenye tarehe, mahali na jambo linaloombwa, yanaweza kunakiliwa, kusainiwa na wazazi na kupelekwa komini karibu bila kubadilishwa.

Kwa hiyo, mwalimu, iache aya ya tatu kama ilivyo, ile ya watoto wanaobeba viatu mkononi, kwa maana ni nzuri. Andika upya sentensi ya kwanza ukitaja ofisi na kazi isiyofanyika, uniambie kama kilichotengenezwa ni mfereji au barabara, kisha uniletee karatasi kabla ya Alhamisi jioni.